Chungwa Juu ya Maji

Kama umekwama kwenye foleni ya Mbagala, au uko Kawe unawasha jiko, au uko Ununio unapanga nyavu za usiku, nipe dakika chache. Leo nataka tuzungumze juu ya rangi, na rangi yenyewe ni ya chombo kidogo cha baharini, kile kinachobeba mtu mmoja au wawili.

Mazungumzo haya yalianzia kwenye simu. Mpwa wangu alinipigia akiwa Msasani, anataka kununua kayaki. Kwa asiyeijua, kayaki ni mtumbwi mwembamba, siku hizi wa plastiki. Mtu anakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele, anapiga kafi moja refu lenye bapa huku na huku. Utawaona vijana nazo siku za mapumziko upande wa visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Muuzaji alikuwa nazo mbili, zote zimetumika, bei moja. Ya kwanza bluu, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Ya pili rangi ya chungwa, imepauka kidogo kwa jua. "Mjomba," akaniambia, "hii ya bluu ni nzuri zaidi, imekaa kama bahari yenyewe."

Nikamwambia aiache kwa sababu hiyohiyo.

Akanyamaza, hakuridhika. Nikamwahidi kwamba nitamweleza vizuri. Na kwa kuwa jambo lenyewe linawagusa watu wengi kuliko mpwa wangu, wakiwemo wavuvi wanaoshuka pwani kila alfajiri Kunduchi, Msasani, Mjimwema na Kimbiji, nimeona nimweleze huku nyote mnasikia.

Nianze na nguru. Mama anayenunua samaki pale Feri anamjua nguru alivyo akilazwa mezani: mgongo bluu ya kiza, tumbo jeupe la fedha. Mungu hakumpamba bure. Ndege akitazama kutoka juu, mgongo ule unachanganyika na giza la kilindi. Samaki mkubwa akitazama kutoka chini, tumbo lile linapotelea kwenye mwanga wa juu. Jodari yuko hivyo, dagaa hivyohivyo. Kiumbe anayewindwa baharini amevishwa rangi ya kutoonekana. Basi mtu anayepaka mtumbwi wake bluu amejivika ngozi ya nguru, ilhali yeye hawindwi na mtu. Wanaomtafuta kwa macho, au wanaopaswa kumwona kabla hawajamfikia, ni nahodha wa boti inayokuja kwa kasi na mwokoaji aliyetumwa amlete nyumbani. Wote hao anawakimbia bila kujua.

Pwani yetu hii imewahi kuona chombo kilichojificha kwa makusudi. Mwaka 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus palepale bandarini Zanzibar, tarehe 20 Septemba. Kisha ikakimbilia kwenye delta ya Rufiji, kusini mwa jiji letu hili la Dar es Salaam. Mabaharia wake wakakata matawi wakayafunga kwenye milingoti, ili mtu akitazama kwa mbali adhani ni miti tu imesimama kati ya mikoko. Waingereza waliisaka kwa meli na kwa ndege, na ilipofika Julai 1915 ndipo wakaimaliza. Fikiri, ndugu msikilizaji. Meli ya mita 115 iliwahangaisha hivyo watu waliokuwa na kazi moja tu ya kuitafuta. Mtumbwi wa mita nne, uliopakwa rangi ya maji, utaonwaje na mtu ambaye wala hajui kama upo?

Jibu la swali hilo nililiona kwa macho yangu, miaka kadhaa nyuma. Tulikuwa tunatoka Kunduchi kwenda Mbudya kwa boti ya faiba, alasiri, jua liko mgongoni kwetu na upepo wa kusi umekaza. Bahari ilikuwa imejaa vichwa vyeupe vya mawimbi. Mbele nikaona kitu cha njano kinapanda na kushuka. Nahodha naye akakiona, akasema ni chelezo cha nyavu, akapinda mkono wa kulia ili asije akakata nyavu za watu kwa mashine. Tulipokaribia tukaona kwamba chini ya lile dumu la njano kuna mkono, chini ya mkono kuna mzee, na chini ya mzee kuna mtumbwi wa bluu uliojaa maji nusu. Mzee alikuwa ametuona zamani. Alipunga mikono, alipiga kelele, hakuna aliyemwona wala kumsikia. Mwisho akakumbuka dumu lake la chelezo, lile dumu la mafuta ya kula ambalo kila nyumba ya Dar es Salaam inalo, akaliinua juu ya kichwa.

Tulimwokoa kwa kuhurumia nyavu. Hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Tangu siku ile kila nikishuka pwani natazama. Nyavu zimewekewa madumu ya njano, au vipande vya plastiki vyekundu, au kibendera kwenye fito, ili mwenyewe akirudi azione na mwenye mashine azikwepe. Chombo chenyewe kiko na rangi ya mti wake, kijivu cha mwembe uliokauka, au kimepakwa bluu, au kijani. Na mtu aliyemo ndani amevaa fulana iliyokwisha rangi. Mvuvi anajua kabisa kwamba kinachotakiwa kuonekana baharini kinawekewa rangi kali. Elimu hiyo anayo, hakufundishwa na mtu wa warsha. Ameitumia kwa nyavu na boya, na nafsi yake ameiacha nje ya hesabu.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe, maana hapa mpwa wangu ananisubiri. Lugha yetu imechuma majina mengi ya rangi sokoni na shambani. Manjano ni bizari, zambarau ni tunda, kijani ni jani, na chungwa mnalijua. Hilo la mwisho ndilo somo zima. Mpeleke mtoto kwenye mchungwa. Machungwa yaliyoiva yakageuka rangi atayahesabu akiwa bado hatua 30. Mabichi yaliyojificha kwenye majani atayapita akiwa ameyagusa kwa kichwa. Ukubwa ni uleule, mti ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba lililoiva limejitenga na kilicho nyuma yake. Baharini kilicho nyuma yako ni bluu, kijani, kijivu na nyeupe ya povu. Rangi yoyote kati ya hizo nne inakurudisha kuwa chungwa bichi.

Nyeupe inawadanganya wengi kwa sababu ni rangi ya matanga ya zamani, na kweli siku ya bahari shwari tanga jeupe linaonekana mbali. Lakini subiri Juni na Julai, kusi inapochapa. Kila wimbi lina kichwa cheupe. Mtu anayetazama kutoka kwenye meli anaona maelfu ya madoa meupe yanayozaliwa na kufa, na wewe ni doa mojawapo.

Njano je? Jicho la mwanadamu mchana linaupokea mwanga wa njano inayoelekea kijani vizuri kuliko mwanga mwingine wowote. Wataalamu wanaupima, wanasema ni mwanga wa nanomita 555. Ndiyo maana vizibao vya wazima moto na wajenzi wa barabara vina ile njano ya kijani inayochoma. Mwaka 1939, Marekani, watu walikutana Chuo Kikuu cha Columbia wakaamua mabasi ya shule yawe ya rangi moja, wakachagua njano, na hadi leo unaiona kwenye mabasi ya watoto wetu. Barabarani njano ni mfalme. Baharini ina udhaifu mmoja: kitu kikiwa mbali sana, kimekuwa kama punje ya mchele machoni, jicho linashindwa kushika njano yake, linaanza kukiona kama cheupe. Na cheupe, nimeshasema, ni povu.

Nyekundu nayo ina hadithi yake, na ninaomba mashabiki wa Simba, watu wa Msimbazi, wanisikilize hadi mwisho. Desemba, mikrismasi, ile miti ya maua mekundu, inapochanua barabarani, nenda kasimame chini yake saa 10 alasiri. Maua yanawaka moto. Rudi palepale baada ya maghribi, kabla giza halijaingia sawasawa. Majani bado utayaona kijani cha kijivu, ila maua yamekuwa meusi. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Evangelista Purkyně, aliliona jambo hilo kwenye maua mekundu mwanzoni mwa karne ya 19, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Mwanga ukipungua, jicho linabadilisha mitambo, na mitambo ya giza haiijui nyekundu. Sasa jiulize mvuvi wa Kunduchi anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Anatoka alfajiri, anarudi maghribi. Zile saa ambazo nyekundu inakufa ndizo saa zake za njiani. Tena wapo wanaume wasiozitofautisha vizuri nyekundu na kijani tangu kuzaliwa, na wengi wao hawajui. Mmoja wao anaweza kuwa ndiye aliyeshika usukani wa boti inayokujia.

Kinachobaki mkononi ni chungwa, ile kali inayokaribia kuungua. Iko upande wa pili kabisa wa bluu, haina mwenzake baharini, na ikiwa mbali haigeuki nyeupe upesi kama njano. Sisemi haya kwa kichwa changu peke yangu. Kanuni za kimataifa za vifaa vya kuokolea watu baharini zinataka vifaa hivyo viwe vya rangi ya chungwa iliyokolea wekundu, au rangi nyingine inayoonekana kwa kiwango hichohicho. Jaketi okozi unalovaa kwenye boti ya Unguja ni la chungwa kwa sababu hiyo. Tena kati ya ishara za kimataifa za kuomba msaada ipo hii: kitambaa cha turubai cha rangi ya chungwa, kimechorwa mraba mweusi na duara jeusi, unakitandaza ili ndege ikuone kutoka juu. Kinashonwa na fundi cherehani yeyote wa Temeke kwa nusu saa, na kinakunjwa kikaingia kwenye mfuko pamoja na chakula.

Nilimwambia mpwa wangu pia kwamba chungwa lililopauka ni tatizo dogo. Rangi kali zinaliwa na jua, na zile zinazowaka kama karatasi ya pipi ndizo zinazokufa upesi zaidi. Uzuri wake ni kwamba zinachukua mwanga wa jua tusiouona na kuurudisha ukionekana, hivyo siku ya mawingu zinang'aa kuliko mchana wenyewe. Lakini huwezi kuzipaka mara moja ukasahau. Chombo cha mti kinapigwa deheni chini mara kwa mara, hakuna mvuvi anayelalamika. Juu nako kuna haki ya kupigwa msasa na brashi.

Na rangi kwetu haijawahi kuwa ngeni. Edward Saidi Tingatinga alianza kazi yake hapahapa Dar es Salaam mwaka 1968, anachora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za makopo, zilezile za kupakia baiskeli, zinazong'aa na kustahimili maji. Alifariki 1972, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wako Oysterbay wanachora. Kwa hiyo katika wilaya hiihii ya Kinondoni, kwa zaidi ya nusu karne, kopo la rangi kali limeuzwa, limechanganywa, limejulikana. Limepamba ukuta wa mtalii. Kutoka Oysterbay hadi wavuvi wa Msasani ni mwendo wa bodaboda.

Hata hivyo, anayetaka kuonekana asije akachora tausi. Mnaikumbuka Flipflopi, jahazi lililotengenezwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa kandambili elfu 30 za kila rangi? Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, kilomita kama 500, kuwaambia watu wa pwani habari za taka baharini. Ukiwa karibu nalo huwezi kuondoa macho, na kwa kazi yake ile, rangi zile zilistahili. Lakini madoa madogo ya rangi nyingi yakiwa mbali yanachanganyika machoni, kama vile unga wa mahindi na wa muhogo uliochanganywa pamoja usivyoweza kutenganishwa. Chombo cha mtu mmoja kinataka eneo moja kubwa la rangi moja. Ukiongeza mstari mweusi mpana pembeni yake umefanya vizuri sana, kwa sababu kuna wakati jua linaua rangi zote.

Wakati huo tunaujua sisi tuliokulia kwenye pwani inayotazama mashariki. Asubuhi simama ufukweni Mbweni utazame baharini. Jua linatoka usoni kwako, maji yamekuwa kioo, na kila chombo ni kivuli cheusi tu. Hapo chungwa, bluu na kijani ni ndugu wa baba mmoja. Kinachokusaidia ni umbo na mwendo. Alasiri mambo yanageuka: aliye ufukweni anaziona rangi zote, na anayetoka Mbudya kurudi mjini ndiye aliyechomwa macho.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wakisikia rangi wanakimbilia kupaka ubavu wa chombo. Ubavu ni sehemu ya mwisho. Mtu aliyekaa kwenye kayaki macho yake hayafiki mita moja juu ya maji. Wimbi la mita moja linakuja kati yake na meli, na kwa muda huo kayaki yote haipo duniani. Inayobaki juu ni kofia, mabega, na bapa la kafi linalopanda kulia, linashuka, linapanda kushoto. Jicho la mwanadamu linaitikia kinachocheza kabla ya kilichotulia, kama paka. Ukipaka mabapa yale mawili chungwa kali, umejipatia bendera mbili zinazopepea bila upepo, siku nzima. Vaa kofia ya rangi hiyo, vaa jaketi okozi kifuani badala ya kulikalia kama mto, na hapo kayaki yenyewe hata ikiwa bluu umeshajitetea nusu ya safari.

Kwenye ngalawa, kazi ya kafi hilo inafanywa na tanga. Bibi yangu alikuwa akikaa Kunduchi jioni anapepeta mchele, anatazama ngalawa zinarudi, na alikuwa anazitaja moja moja kabla mtu yeyote hajaona nani yumo ndani. Nilidhani ana macho ya ajabu. Siku moja akanionyesha: tanga la jirani yetu lina kiraka cha kanga nyekundu karibu na foromali, ule mti unaoshikilia tanga juu, la mwingine limeunganishwa kwa kiroba cha bluu chini. Viraka vya umaskini vilikuwa vimegeuka majina. Wake za wavuvi walijua mapema nani anarudi na nani bado, wakawasha moto au wakaendelea kusubiri. Mshono wa kitambaa cha chungwa chenye upana wa mkono mmoja, kutoka ncha ya tanga kwenda chini, ungefanya kazi ya kile kiraka kwa watu wa mbali zaidi.

Na watu wa mbali siku hizi wanakuja haraka. Boti inayokwenda maili 30 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 55, inakata kilomita moja kwa dakika moja na sekunde chache. Ndani ya dakika hiyo nahodha anatakiwa akuone, aamini alichokiona, aamue na chombo kiitikie. Meli kubwa za makontena zinazoingia bandarini zinapita mlango mwembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, haziwezi kukatiza wala kusimama kama bajaji. Kwenye mkondo huo wa maji ndipo mitumbwi ya Kigamboni na ya mjini inapokatiza kila siku. Usitegemee rada ya meli ikuone. Mbao na plastiki havirudishi mawimbi ya rada vizuri, na bahari ikichafuka kioo cha rada kinajaa vumbi la mawimbi matupu.

Usiku rangi inakwisha kazi. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, zinamwambia mwenye chombo kidogo cha makasia, au cha tanga kisichofika mita saba, kwamba kama hana taa za kawaida basi awe na tochi au taa ya mwanga mweupe karibu na mkono, aionyeshe mapema kabla hajagongwa. Neno zito hapo ni mapema. Wanaovua dagaa kwa taa wanaonekana toka mbali, Mungu awazidishie. Anayetega mshipi gizani na tochi imelala chini ya nyavu, betri zimelowa, huyo ndiye ninayemfikiria usiku nikisikia honi ya meli kutoka kitandani.

Nimezungumza na wavuvi kuhusu haya, na hawakunikubalia moja kwa moja. Mmoja wa Mjimwema aliniambia chombo kinachong'aa kinaita wezi wa mashine. Nimelifikiria hilo na siwezi kulipuuza, maana mashine ikiibwa ni mtaji wa miaka. Lakini mwizi anakuja chombo kikiwa kimelala ufukweni, usiku, rangi imekufa. Kinachomvuta ni mashine, na mashine inaweza kufunguliwa ikarudi nyumbani. Mwingine akasema samaki watakimbia. Samaki wanaona tumbo la chombo, na tumbo liachwe na deheni yake. Sisi tunazungumzia kilicho juu ya maji. Wa tatu alisema yeye ni Yanga, atapaka kijani na njano. Nikamwomba njano iende juu na iwe pana, kijani kikae chini karibu na maji, akacheka akasema hilo linawezekana.

Lipo jibu moja lililonishinda kwa muda. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, mimi nimeingia bahari hii miaka 40, na bahari inanijua." Sikumjibu, si adabu. Ila tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea hapa kwetu na abiria, waliokwenda kuokoa walikwenda katikati ya kusi ileile. Mtu akiwa majini kinachobaki juu ni kichwa, na kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kama nazi iliyoanguka. Mwokoaji anaweza kupita mita 100 kutoka kwako na moyo wake wote ukiwa unakutafuta. Bahari inaweza kukujua. Yule mwenye boti anakuhitaji umsaidie kukuona.

Mpwa wangu alinunua ya chungwa. Alinunua na kopo dogo la rangi ya mafuta, chungwa kali, akapiga msasa mabapa ya kafi lake yaliyokuwa meusi, akayapaka mara mbili. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kunduchi kumsindikiza. Ilikuwa saa 9 alasiri, jua nyuma yetu, kusi kiasi. Nilisimama mchangani nikamfuata kwa macho. Kwanza kayaki ilipotea, ikawa inajitokeza na kupotea. Kisha nikaacha kuona mikono yake. Kifua kilibaki, doa la chungwa, halafu nalo likawa dogo mno. Bapa halikupotea. Kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayewasha na kuzima kiberiti mbali sana, mpaka akaupita mwamba upande wa Mbudya.

Mvuvi mmoja alikuwa amekaa karibu yangu anatengeneza nyavu. Na yeye alikuwa ameacha kazi, anatazama kulekule. Akaniuliza, "Yule ni mwanao?" Nikamwambia mpwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kopo la rangi ile ni shilingi ngapi. Nikamwambia limebaki nusu, liko kwenye gari, alichukue. Nilipoondoka alikuwa amelaza kafi lake juu ya mchanga, amepiga magoti, anauliza vijana nani ana msasa.